Siku Tano Kati ya Arusha na Moshi, Nikifuata Michoro ya Zamani ya Vyuo

Nimerudi Singida wiki mbili zilizopita, na daftari la safari bado lina harufu ya moshi wa kuni. Ninafundisha uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi stadi, na wanafunzi wangu wote huchora kwa kompyuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mchoro uliochorwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, juu ya karatasi ya tresingi, ile inayopitisha mwanga. Mwezi wa Julai niliomba likizo fupi, nikamchukua mpwa wangu ambaye ana simu yenye kamera nzuri kuliko yangu, tukaenda kutembelea vyuo vya umma vilivyopangana kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Ni kilomita 80 tu, lakini kilicho cha mwanzo kabisa miongoni mwa hivyo kilianza 1963 na kilicho kipya kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 2011, kwa hiyo mtu anayepita njia hiyo kwa utulivu anapita katika nusu karne ya ujenzi wa serikali.

Swali langu lilikuwa moja. Kila mchoro wa chuo huacha nafasi tupu kwa ajili ya majengo yatakayofuata. Nilitaka kujua walioachiwa nafasi hizo walizifanyia nini.

Safari ya basi kutoka Singida kupitia Babati ilichukua Jumapili nzima na shilingi 24,000 kwa kila kichwa, na sina la kuisimulia zaidi ya kwamba tulifika salama.

Jumatatu, 14 Julai: Arusha mjini

Tulilala Kaloleni, chumba cha shilingi 25,000 chenye blanketi mbili, na zote mbili zilihitajika. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake humshangaza mtu aliyezoea kufikiri kwamba nchi yote ni ya joto. Nilianza na Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 na ambalo leo ni makumbusho, kwa sababu ukitaka kuelewa jinsi serikali inavyojenga ni vizuri uanze na jengo la kwanza la serikali. Kuta zake nene zinasema waziwazi kwamba aliyelichora alifikiria bunduki kabla ya kufikiria upepo.

Kutoka hapo tulitembea hadi Chuo cha Ufundi Arusha, kilicho kwenye njia panda ya barabara kuu. Chuo hiki kilianzishwa 1978 kwa makubaliano kati ya serikali yetu na ile ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Mwaka mmoja kabla yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na majengo makubwa yaliyokusudiwa kuwa makao yake hapa Arusha yakageuzwa kuwa kituo cha mikutano cha AICC. Nilisimama barabarani nikiwaza kwamba katika mji huuhuu, katika kipindi kilekile, jengo moja lilikuwa likitafutiwa kazi mpya kwa kuwa mwenyewe amekufa, na chuo kingine kilikuwa kikizaliwa. Kukiweka chuo cha ufundi kwenye njia panda ni uamuzi wenye akili, kwa maoni yangu: karakana hula chuma, mbao na saruji, na lori lazima lifike mlangoni bila kuzunguka mitaani.

Mchana nilifanya jaribio dogo ambalo huwaambia wanafunzi wangu walifanye popote wanapokwenda. Saa za nchi yetu zimepangwa kwa kufuata nyuzi 45 mashariki, ilhali Arusha iko karibu na nyuzi 37, kwa hiyo katikati ya Julai jua hufika kileleni hapa yapata saa sita na dakika 39 na si saa sita kamili. Nilisubiri dakika hiyo nikiwa mbele ya jengo la zamani la ofisi za serikali lenye veranda upande wa kaskazini. Mwezi huu jua la mchana liko kaskazini yetu, kiasi cha nyuzi 25 kutoka utosini. Tokeo la paa, yaani sehemu inayotokeza nje ya ukuta, lilikuwa futi 3. Kivuli chake ukutani kilishuka karibu mita 2 chini ya ukingo wa paa, kikafunika dirisha lote na kuishia pale pale kizingiti cha chini kinapoanza. Aliyelichora alilijua jua la hapa. Mpwa wangu alipiga picha, akaniuliza kama tumekuja Arusha kutazama vivuli. Nikamjibu kwamba ndiyo.

Kwa atakayefuata njia hii: beba futikamba ya mita 30, dira, na kofia. Kifodi cha mjini kilitugharimu shilingi 600 kwa mtu. Barua ya utambulisho iandikwe kwa mkuu wa chuo, nakala kwa idara ya miliki, na uitume wiki tatu kabla. Mimi nilituma siku kumi kabla, na utaona kilichonipata.

Jumanne, 15 Julai: siku iliyopotea

Siku hii ilikwisha kwenye benchi. Ofisi moja ya umma, ambayo nilikuwa nimeiandikia kuomba kuona michoro ya majengo ya miaka ya 1960, ilinipokea saa mbili asubuhi, ikaniambia mhusika yuko njiani, na saa nane mchana ikaniambia mhusika yuko likizo. Kijana wa masjala, aliyenionea huruma, alinong'ona kwamba michoro mingi ilinyeshewa paa lilipovuja na kwamba iliyobaki iko bohari, na bohari ina ufunguo mmoja, na ufunguo uko kwa mhusika.

Benchi lilinipa nafasi ya kumweleza mpwa wangu tulichokuwa tukikitafuta. Nilimweleza kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianza kujenga vyuo vikuu katika makoloni yao, na wasanifu wachache wa London wakapata kazi nyingi za aina hiyo. Maxwell Fry na Jane Drew walichora chuo cha Ibadan, Nigeria. Kampuni ya Norman and Dawbarn ilichora kampasi ya Mona kule Jamaica, na baadaye ikachora ya kwetu ya Mlimani, Dar es Salaam, ambako chuo kilihamia 1964 baada ya kuanzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1954 shule ya usanifu ya Architectural Association ya London ilianzisha mafunzo maalumu ya ujenzi wa nchi za joto. Kanuni zilizotoka huko utazikuta katika vyuo vingi vya umri huo: jengo jembamba lenye chumba kimoja tu kwa upana ili hewa iingie upande huu na kutokea ule, urefu wake ulale mashariki-magharibi ili kuta zenye madirisha zisipigwe na jua la asubuhi na la jioni, matofali ya matundu kwenye ngazi, na njia zenye paa zinazounganisha jengo na jengo ili mvua isimkute mwanafunzi.

Lawama yangu ni moja. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya joto na unyevu wa pwani, halafu idara za ujenzi, ambazo kwa kawaida huwa na michoro ya mfano inayorudiwa wilaya kwa wilaya, zikazipandisha milimani bila kuzibadilisha. Nimekaa katika darasa la namna hiyo mwezi wa Julai. Hewa inapita vizuri sana, na wanafunzi wanaandika wakiwa na glavu.

Mama aliyekuwa akiuza chai nje ya lango alituonea imani kuliko ofisi. Alituwekea mirija yangu ya michoro nyuma ya meza yake ili tukatafute chakula, akatuelekeza mahali penye loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando ambayo sikuwahi kuyaonja. Tuliporudi alikataa malipo ya ulinzi. “Nyie ni wageni wangu, dada,” alisema. “Njooni mnywe chai kesho, mtakuwa mmenilipa.” Jioni tulipanda kifodi hadi Njiro, kwenye Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichopewa sheria yake 1990, tukakizunguka kwa nje na kurudi gizani.

Jumatano, 16 Julai: Tengeru

Jumatano ni siku ya soko Tengeru, na barabara ya njia nne inayotoka Sakina iliturahisishia safari hadi pale akina mama walipoanza kuvuka na mikungu ya ndizi kichwani. Tulinunua maparachichi matano kwa shilingi 2,000, tukayala kwa chumvi tukiwa tumesimama.

Watu wengi hupita Tengeru bila kujua kwamba ardhi hii ilikuwa na mpango wa mji mdogo kabla ya kuwa na vyuo. Kuanzia 1942 ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland waliokuwa wamepelekwa Urusi ya Kisovieti na kutoka kupitia Iran. Walifika karibu watu 5,000, na hii ikawa kambi yao kubwa kuliko zote Afrika. Walikaa katika vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani, vikiwa vimepangwa kwa mistari, pamoja na shule, kanisa na karakana zao. Makaburi yao bado yapo karibu na chuo cha mifugo, yamezungushiwa ukuta na kufagiliwa. Mzee anayeyatunza alitufungulia, akatuachia tukae tunavyotaka. Kambi ilipofungwa, Tengeru iliendelea kuwa ardhi ya mafunzo na utafiti wa kilimo na mifugo, na hadi leo ukitoka taasisi moja unaingia nyingine. Ninaamini sababu ni nyepesi kuliko tunavyodhani: palipokwisha kupitishwa maji na barabara, serikali hupenda kujenga tena, kwa kuwa gharama kubwa ya kampasi mara nyingi iko chini ya ardhi.

Bodaboda kwa shilingi 2,000 ilitufikisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Hii ni kampasi ya zama nyingine kabisa. Ilianza kupokea wanafunzi 2011, nao ni wa shahada ya uzamili na uzamivu peke yao, na tofauti hiyo inaonekana katika mpangilio: chuo cha miaka ya 1960 kilichorwa kuzunguka bwalo na mabweni, kwa sababu kilipokea vijana waliopaswa kulala, kula na kusoma pamoja, lakini chuo cha watafiti huchorwa kuzunguka maabara. Mlinzi wa getini alisoma barua yangu mara mbili, akapiga simu, akanipa kitambulisho cha mgeni na kuniazima mwavuli wake bila kuombwa. Mvua ilinyesha baada ya nusu saa.

Ushauri: usipige picha za majengo ya umma kabla ya kuomba ruhusa, hata kama ni ukuta tu. Ukiomba kwanza utapewa na chai juu yake.

Alhamisi, 17 Julai: Moshi, na chemba iliyopotea

Coaster ya asubuhi, shilingi 5,000 kila mmoja. Ilikaa stendi dakika 50 ikisubiri kujaa, ikasimamishwa na askari Usa River, ikasimama tena Boma Ng'ombe ili kondakta anunue vitunguu vya nyumbani kwake. Mlima haukuonekana. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa mita 500 hivi, na tofauti hiyo unaisikia shingoni mara tu unaposhuka.

Siku hii yote niliitoa kwa chuo kimoja kidogo cha umma ambacho sitakitaja, kwa sababu waliniamini na kwa sababu nitakayoyasema si ya kuwaaibisha wao peke yao. Yangekuta chuo chochote. Ofisa wa miliki alikuwa amejibu barua yangu kwa mstari mmoja: “Karibu, michoro ipo, ila tuna shida ya maji taka.” Nilidhani ni utani.

Michoro ilikuwa kabatini, imekunjwa pamoja na mapazia ya zamani. Tuliitandaza juu ya meza ya mikutano, tukaizuia pembeni kwa vikombe. Ilikuwa karatasi kumi na moja: michoro ya sakafu, mikato, sura za jengo, kenchi za paa, na mchoro mmoja wa mifereji. Nyingi zilikuwa nakala za amonia, zile ambazo mistari huwa ya zambarau na hufifia zikiachwa kwenye mwanga, lakini mbili zilikuwa tresingi zenyewe. Niliinua moja dirishani. Herufi zote zilikuwa za mkono mmoja, kubwa na zilizosimama wima, zenye urefu sawa kana kwamba zimepigwa chapa, isipokuwa neno moja tu ambalo mchoraji alikosea, akalikwangua kwa wembe na kuliandika tena. Pale alipokwangua karatasi imekuwa nyembamba, na mwanga unapita zaidi. Nilimwita mpwa wangu apige picha ya tundu hilo la mwanga. Katika ualimu wangu wote sijaona kitu kinachoeleza kazi ya mchoraji vizuri kuliko kovu lile.

Upande wa kusini wa bwalo kulikuwa na mstatili wa mistari ya nukta, na ndani yake maneno ya kwamba hapo ni pa upanuzi wa baadaye. Hii ndiyo nafasi niliyosafiri kuitafuta. Mchoraji alikuwa ameipitishia bomba la maji taka pembeni, akaweka chemba ya kusubiri, yaani shimo lenye mfuniko la kulifikia bomba, ili siku jengo jipya litakapokuja liunganishwe bila kuvunja kitu. Tulitoka nje kuitazama. Palikuwa na kantini. Imejengwa miaka ya karibuni na fundi hodari, paa jipya, vigae safi sakafuni, lakini imegeuzwa robo mzunguko ili mlango utazame barabara, kwa hiyo jua la jioni linaingia moja kwa moja jikoni. Maji taka yake yaliunganishwa kwa kubahatisha kwenye bomba lililokutwa wakati wa kuchimba msingi. Tangu masika bomba hilo huziba, maji hurudi, na chemba ambayo ingetumika kulizibua hakuna anayejua iko wapi. Walikuwa wameshachimba mashimo manne.

Ofisa akanitazama kama watu wanavyomtazama daktari. Kona ya mchoro wa mifereji, ile yenye kisanduku cha maelezo na skeli, yaani uwiano wa mchoro na jengo lenyewe, ilikuwa imeliwa na mchwa. Zilizobaki ni alama za chemba na viwango vyake, yaani kimo cha bomba kwenye kila moja: ya kwanza, iliyo wazi hadi leo kwenye kona ya bwalo, imeandikwa 100.00, na ile iliyopotea 98.50. Namba zenye nukta hunifanya nifikirie mita. Nilichukua skeli rula yangu, nikaweka upande wa 1:100, nikasoma mita 19 na sentimita 5. Tukavuta futikamba, tukapigilia kijiti, kijana wa bustani akaanza kuchimba. Alichimba hadi magotini. Udongo mtupu.

Wakati huo ofisa alikuwa amempigia simu mzee mmoja aliyekuwa fundi bomba wa chuo hadi alipostaafu. Alikuja kwa bodaboda, amevaa koti licha ya joto, na mtalimbo begani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye shimo.

“Nani amewaambia mchimbe hapa?”

“Mchoro, mzee,” nilisema.

“Mchoro haujakosea. Huu ni wa futi, mwanangu. Umeusoma kwa mita.”

Alisimama kwenye chemba ya kona, akaelekeza kisigino ukutani, akaanza kupiga hatua huku akihesabu kwa Kichaga. Alisimama pungufu ya kijiti changu. Akadunda mtalimbo mara tatu chini. Mara ya tatu ukalia zege. Mfuniko ulikuwa sentimita 20 tu chini ya majani. Tulipopima, umbali ulikuwa futi 60, yaani mita 18 na sentimita 29. Nilikuwa nimekosea kwa sentimita 76, na shimo letu lilikuwa limepita kando ya ukuta wa chemba bila kuugusa.

Niliona aibu, kwa kuwa jibu lilikuwa machoni pangu. Michoro ya kabla nchi haijahamia mita ilitumia sana skeli ya inchi moja ya nane kwa futi moja, ambayo ni 1:96. Inakaribiana na 1:100 kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka, na kosa lake ni asilimia nne, dogo ndani ya chumba lakini kubwa kwenye uwanja. Zaidi ya hapo, viwango vyenyewe vilikuwa vinapiga kelele. Kutoka 100.00 hadi 98.50 ni mshuko wa 1.5. Katika futi 60, huo ni mteremko wa 1 kwa 40, kipimo ambacho kila fundi hufundishwa kwa bomba la inchi 4. Kama zingekuwa mita, bomba lingekuwa linaporomoka 1 kwa 13, jambo ambalo hakuna mchoraji mwenye mkono ule angelifanya. Wanafunzi wangu watalifanya swali hili kwenye mtihani, na nitawaambia ni nani aliyelikosa.

Mzee alizibua bomba kwa fito za mianzi kabla ya saa kumi. Mama wa kantini alituletea mtori, bakuli kubwa za kila mmoja na moja ya ziada kwa mzee, akakataa fedha. Tukiwa tunakula, nilimwuliza mzee kama aliwahi kuitwa siku kantini inajengwa. Alipuliza mtori wake kidogo. “Walijenga kwa fosi akaunti, kazi ilikwenda mbio,” alisema, akimaanisha ule utaratibu wa taasisi kujenga yenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi. “Mimi nilikuwa nyumbani, kilomita mbili kutoka hapa.”

Kwa watakaotafuta michoro ya namna hii: soma vipimo vilivyoandikwa na usipime karatasi, kwa sababu nakala hunywea au kutanuka kila inapodurufiwa. Kama skeli imepotea, tafuta kitu kwenye mchoro unachoweza kukipima kwa mkono, kwa mfano upana wa mlango uliopo hadi leo. Osha mikono, usitumie mate kufungua karatasi, na usiweke vikombe vya chai juu ya tresingi kama tulivyofanya sisi. Nakala ya ukubwa wa A1 Moshi mjini ilinigharimu shilingi 4,000.

Ijumaa, 18 Julai: Mweka, Ushirika, na kuaga

Asubuhi tulipanda hadi Mweka, kilomita 14 hivi kutoka mjini, barabara ikipinda kati ya migomba na kahawa, na ukungu ukatupokea kabla ya lango. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilianzishwa hapa 1963, miaka miwili baada ya mkutano wa Arusha wa Septemba 1961 ambapo Nyerere alitoa ahadi maarufu ya kutunza wanyamapori na kusema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu. Mara chache sana ahadi ya jukwaani hugeuka matofali kwa haraka hivyo. Kwenye mteremko kama ule, kila jengo ni mazungumzo na maji ya mvua. Tulikaa nusu saa chini ya paa tukiyatazama yakishuka mferejini, na mwanafunzi mmoja kutoka nchi jirani akatuazima koti la mvua hadi kituoni, akitegemea tu neno letu kwamba tutamwachia dereva.

Mwaka huohuo wa 1963 chini mjini kilianzishwa Chuo cha Ushirika, katika mji ambao wakulima wake wa kahawa walikuwa na chama kikubwa tangu miaka ya 1930. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine, na 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Tulipita mchana, Barabara ya Sokoine ikiwa kimya kwa likizo. Kila badiliko la jina la namna hiyo huja na wanafunzi wengi zaidi, na wanafunzi huja na madarasa, na madarasa hutafuta ile nafasi yenye mistari ya nukta. Sasa hivi nchi nzima iko katika wimbi kubwa la ujenzi: mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unapeleka majengo mapya katika vyuo vikuu vya umma. Safari hii imenifanya niamini kwamba kila mkandarasi wa majengo hayo angekabidhiwa, pamoja na mkataba, jina na namba ya simu ya fundi bomba mstaafu.

Kabla ya basi tulirudi kwenye kile chuo kidogo. Nilikuwa nimechora kwa penseli, usiku, mchoro mpya wa mifereji unaoonyesha chemba zote tano na umbali wake kutoka kona za majengo, pamoja na kantini jinsi ilivyo kweli. Ofisa aliupeleka masjala ukapewa namba ya jalada. Mzee alikuwepo, na koti lake. Nilimwambia “aika mbe”, yaani asante, maneno pekee ya Kichaga niliyojifunza, akacheka hadi akakohoa, akaniomba nikifika nyumbani nimchoree nakala yake safi ya wino.

Niliichora kwa skeli ya 1:100, nikaituma kwa basi, kifurushi shilingi 5,000. Juzi jioni simu iliita.

“Mwalimu, imefika, ni nzuri sana,” alisema. “Lakini umeandika mita tupu. Niandikie na futi pembeni.”